Tharia Topan, mtu wa deni na wa hospitali



Kila mwisho wa mwezi, siku salaire inatoka, kunakuwaka watu wawili mbele ya mlango wa ofisi. Wa kwanza ni mfanyakazi. Wa pili ni mtu mwenye anamungojea na kikaratasi mu mfuko: ndiye alimukopesha franga. Sisi wa syndicat tunawafahamu wote wawili, na mara mingi tunaitwa kuwapatanisha. Basi leo tunapenda kusimulia maisha ya mtu mmoja wa zamani mwenye alikuwa mkopeshaji mkubwa sana mu upande huu wa Afrika. Alikufa mwaka wa 1891. Hapa kwetu Katanga hakufika hata siku moja. Lakini mali yake ilifika karibu na sisi, ikitembea juu ya mabega ya watu. Jina lake ni Tharia Topan.

Tharia alizaliwa mwaka wa 1823 mu mji mudogo wa Lakhpat, inchi ya Kutch, upande wa magaribi wa India, karibu na bahari. Watu wake walikuwa Waislamu wa Khoja, Waismaili. Hawakuwa watajiri. Alipokuwa na miaka kama 12 aliingia mu jahazi, akafika Unguja, yaani Zanzibar. Mtoto yule hakujua kusoma wala kuandika. Jahazi za zamani zilikuwaka zinafuata upepo: mu miezi fulani upepo unatoka India na Arabuni, zinashuka, miezi mingine upepo unageuka, zinarudi. Mtoto mwenye alifika na upepo wa kwanza alikuwa na wakati wa kufikiri kama atarudi na wa pili. Tharia alibaki.

Zanzibar ya wakati ule ilikuwa inainuka. Sultani Seyyid Said alihamisha makao yake kutoka Oman, akaja kukaa pale. Karafuu zilikuwa zinapandwa kila pahali. Meli za Wamarekani wa Salem, kule Massachusetts, zilikuwa zinaleta kitambaa cheupe, ndicho mpaka leo watu wa pwani wanaita merikani, na zilirudi zimejaa pembe za tembo, sandarusi na ngozi. Pembe zile zilienda kufanya vitana, mabilia na meno ya piano mu manyumba ya watajiri wa Ulaya na Marekani.

Kazi ya kwanza ya Tharia ilikuwa kazi ya mikono mu nyumba ya biashara ya Jairam Sewji. Wenye waliandika juu yake wanasema kama alianzaka kwa kusukuma mkokoteni, ile tunaita sisi pusupusu. Jairam Sewji hakuwa muchuuzi wa kawaida. Nyumba yake ndiyo ilikuwa inakamata douane ya Zanzibar. Lazima tuelezane hapa, juu kwa sasa haiko hivi. Sultani hakuwa na ofisi ya kulipisha ushuru. Alikodisha kazi ile kwa mchuuzi mmoja. Mchuuzi alimulipa Sultani kiasi kimoja cha mwaka, halafu yeye mwenyewe alikusanya ushuru wa kila meli na kila mzigo. Kama alikusanya kupita kile alilipa, kinachobaki ni chake. Kwa hiyo mwenye kukamata douane alijua kila kitu: nani ameleta nini, nani ana deni kwa nani, nani anaanguka kesho.

Mu nyumba ile Tharia alijifunza kusoma na kuandika, halafu akajifunza hesabu. Alitoka ku mkokoteni, akaingia mu vitabu vya hesabu. Wakamupa kazi ngumu kupita zote mu biashara: kufuata madeni. Mtu wa kufuata madeni anachukiwa na kila mutu. Yeye alipata sifa ya mtu wa haki. Alijua kungojea, alijua kusikia, na hesabu yake haikugeuka kati ya asubuhi na mangaribi. Pole pole akaanza biashara yake mwenyewe, ya pembe, ya karafuu, ya vitambaa, na akafanya kazi na nyumba za Wamarekani. Alifungua nyumba yake Zanzibar na ingine Bombay, akaziendesha na watu wa jamaa.

Sasa tufike ku kile kinatuangalia sisi, ni kusema deni.

Mu miaka ile hakukuwa banki hata moja kati ya bahari na Lualaba. Kama mtu alitaka kupeleka msafara mu bara kutafuta pembe, alihitaji vitu vya kubadilisha: vitambaa, ushanga, masango (waya za mukuba na za shaba nyeupe), baruti, bunduki. Alihitaji tena posho ya mamia ya wapagazi. Nani ana mali ya namna ile mu mkono? Hakuna. Basi alienda kwa Tharia au kwa mukopeshaji mwingine wa Kihindi, akapewa vitu kwa deni. Bei ya vitu vya deni ilikuwa juu kupita bei ya vitu vya kulipa papo hapo, na ile tofauti ndiyo ilikuwa faida ya mukopeshaji. Mukopaji alitia mukono ku karatasi, akaahidi kulipa kwa pembe, kwa kipimo cha frasila. Frasila moja ilikuwa karibu kilo 16. Halafu alitoka. Alirudi kiisha miaka miwili, mitatu, ao hakurudi.

Fikirini hatari yake. Kule Maniema hakukuwa tribunal ya kumupeleka mwenye deni, wala huissier wa kukamata kitanda na redio. Mukopeshaji alibaki ku kisiwa, akaangalia bahari, akangojea. Kama msafara uliunguzwa na moto, kama ndui iliua wapagazi, kama chef mumoja alifunga njia, deni lilikaa juu ya karatasi tu. Kwa hiyo akili yote ya Tharia ilikuwa mu neno moja: kumujua mtu mbele ya kumupa.

Na mtu mwenye alimujua vizuri kupita wote ni Hamed bin Muhammad el-Murjebi, mwenye sisi wote tulisoma ku masomo kwa jina la Tippu Tip. Huyu alizaliwa Zanzibar, na mu mwaka wa 1867 alikuwa amekwisha kumupiga chef Nsama wa Itabwa, kule karibu na ziwa Mweru. Ni mlango wa Katanga kabisa: wasomaji wetu wa Pweto na wa Kilwa wanaona ziwa lile kila siku. Kuelekea mwaka wa 1870, Tharia Topan alimupa Tippu Tip mali ya deni kwa safari kubwa. Tippu Tip alipita mu inchi ya Baluba, akapanda mpaka kwa Batetela, akajikalisha Kasongo, mu Maniema. Alikuwa anatuma pembe Zanzibar, lakini yeye mwenyewe hakurudi mpaka mwaka wa 1882. Miaka 12! Na aliporudi, hesabu kati yao ilifanywa, na urafiki wao haukuvunjika.

Wazungu nao walipita kwa Tharia. Stanley, mbele ya kuanza safari yake ya 1874, ile ilimufikisha Nyangwe na kumushusha mto Kongo mpaka bahari ya magaribi, alimununulia vitu pale Zanzibar. Kiisha aliandika mu kitabu kama Tharia ni mtu wa haki, mwenye alijijenga yeye mwenyewe. Kwa hiyo, ndugu, pale tunasoma kama Stanley ndiye alifungua Kongo, tukumbuke kama kule nyuma kulikuwa vitabu vya hesabu vya duka la Muhindi mumoja.

Lakini syndicat haiwezi kusimulia maisha ya patron bila kuuliza: na wafanyakazi je?

Mali ya Tharia ilibebwa na watu. Mupagazi mumoja alibeba kilo kama 30 juu ya bega ao kichwa, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, kutoka Tabora mpaka Ujiji, na zaidi. Wapagazi mingi walikuwa Wanyamwezi. Hawa walikuwa watu wa mshahara, na kazi yao waliijua: walipatana bei mbele ya kutoka, na kama posho ilipunguka ao mukubwa wa msafara aliwaonea, waliweka mizigo chini na kukaa. Wengine walitoroka usiku. Sisi tunaita ile grève. Bankambo yetu walifanyaka grève mbele ya Katanga kuwa na kampani hata moja. Ni vizuri vijana wa mine wajue, juu wengine wanafikiri grève ilikuja na Wabelgiji.

Kando ya wapagazi wa mshahara kulikuwa watu wengine wenye hawakupatana bei na mtu. Misafara ya Tippu Tip na ya wenzake haikununua pembe tu. Vijiji viliunguzwa, watu walikamatwa, wamama na batoto walifungwa minyororo. Tharia hakuwa pale na bunduki mu mukono. Alikaa ku kisiwa na kalamu. Lakini bunduki na baruti vilitoka mu duka ya deni, na kila pembe yenye ilifika kwake ilikuwa na njia yake nyuma. Hatusemi hii kwa kumuhukumu mfu. Tunaisema juu mpaka leo mukuba na cobalt vinafika mu inchi za mbali vimesafishwa, na mwenye kununua anasema hakuona kitu.

Tena maisha ya mtu haina upande mumoja. Mu mwaka wa 1873 Waingereza walimutuma Sir Bartle Frere Zanzibar kumulazimisha Sultani Barghash kufunga soko ya watumwa. Tharia alikuwa mtu wa Sultani, na alikuwa tena mtu mwenye Waingereza walimusikiliza. Alisaidia maneno kupita kati ya pande zile mbili. Mu mwezi wa 6 wa mwaka ule mapatano yalitiwa mukono, soko ya watumwa ya Zanzibar ikafungwa. Pale soko ilikuwa, leo kuna kanisa kubwa la Anglikana. Miaka miwili nyuma, mu 1875, Barghash alipoenda kutembelea Uingereza, Tharia alienda pamoja naye. Na mu 1876 ile douane ya Zanzibar, kazi ya patron wake wa zamani, ikaingia mu mukono yake. Mtoto wa pusupusu alikaa sasa ku kiti cha nyumba ile alisukumia mizigo.

Alipokuwa mzee aliamua kutoa. Mu 1887, mwaka Malkia Victoria alifikisha miaka 50 ya utawala, Tharia aliweka jiwe la kwanza la hospitali pale mbele ya bandari ya Zanzibar, kwa ajili ya watu wenye hawana uwezo wa kulipa. Alitaka nyumba nzuri. Muchoraji wake alikuwa Muhindi, na mafundi wa kuchonga mbao walitoka India. Ilipanda orofa juu ya orofa, na barza zake za mbao zinaangalia bahari. Alitoa tena kwa ajili ya masomo ya batoto wa jamaa yake, na masomo moja pale Zanzibar ilibeba jina lake. Mu 1890 Malkia akamupa cheo cha Sir. Ndiye alikuwa Muhindi wa kwanza wa Afrika ya mashariki kupata cheo kile.

Tharia hakuona hospitali yake ikiisha. Alikufa Bombay mu 1891. Mujane wake, Janbai, hakuacha kazi: alisukuma mpaka nyumba ikakamilika mu 1894. Tunamupa heshima mama yule. Mara mingi mwanaume ndiye anaweka jiwe na jina, na mwanamuke ndiye analipa mafundi.

Lakini angalieni kilichofuata. Nyumba ile haikuwa hospitali kubwa kama mwenyewe aliwaza. Miaka michache nyuma, kuelekea 1900, iliuzwa. Ku chini kukakaa dispensaire, ndiyo sababu watu wa Zanzibar waliiita hivyo mpaka leo, na ku orofa za juu watu walipanga vyumba. Kiisha mapinduzi ya 1964 ilikaa bila kuangaliwa, mbao zikaoza. Mu miaka ya 1990 ndipo shirika la Aga Khan liliitengeneza tena. Leo wageni wanaipiga picha, lakini mugonjwa hawezi kulala mule.

Mu mwaka ule ule wa 1891, tarehe 20 ya mwezi wa 12, hapa kwetu Bunkeya aliuawa Mwami M'siri. Huyu naye alikuwa mtu wa njia zile zile. Baba yake Kalasa alitokaka Unyamwezi, akaja kununua mukuba wa Katanga, ule bankambo yetu waliyeyusha na kuutengeneza kwa mfano wa misalaba. M'siri aliuza mukuba, pembe na watu pia, upande wa bahari ya mashariki na upande wa Angola, akanunua bunduki na baruti. Mukopeshaji mukubwa wa pwani na mfalme wa mukuba walikufa mwaka mumoja. Nyuma yao ikaja namna ingine ya mali: Union Minière mu 1906, mji wetu mu 1910, na njia ya reli ku pahali pa bega la mupagazi. Kiswahili chenye tunasema mu mine kilifika huku kwa njia zile zile za misafara. Mu kinywa chetu kila siku kuna kitu kidogo cha biashara ya Tharia.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tunaheshimu mtu mwenye alitoka chini. Hakuiba, hakuloga. Alijifunza kuandika wakati wenzake walikuwa wanalala, na neno lake lilikuwa neno. Vijana wenye wanasukuma pusupusu ku soko ya Kenya na ya Katuba, wasione aibu ya kushika kalamu mangaribi.

Ya pili ni juu ya deni. Tharia alikopesha kwa kazi: mtu alikopa apate kuzalisha, na deni lilingojea safari iishe. Deni zetu za leo ni za kula na za matanga, na hazingojei kitu. Kwa mwezi mumoja zinazaa nusu, kwa miezi miwili zinakuwa mara mbili. Ndiyo sababu tunasemaka kila siku: ingieni mu likelemba ya watu mnawajua, ao mu caisse ya syndicat, mbele ya kupeleka carte ya salaire kwa mtu.

Ya tatu ndiyo kubwa. Hospitali ya Tharia ilikuwa zawadi, na zawadi inategemea mwenye kutoa. Alipokufa, ilibadilika. Sisi tuliyaona haya kwa macho yetu. Mu kampani moja, jina lake tunaliacha, kulikuwa dispensaire nzuri. Patron mwenyewe aliijenga, akaita watu, akakata kamba, sisi tukapiga mikono. Hakuna mtu aliuliza karatasi. Patron alipouza sehemu yake na kuondoka, mwenye alimufuata alifunga mlango kwa siku moja. Mwenzetu mumoja wa équipe ya usiku alifika pale na tumbo linamuuma, akakuta kufuli. Tulimubeba sisi wenyewe mpaka ku hospitali ya serikali, wane, kwa zamu, kama wapagazi. Alipona, asante Mungu. Lakini tulipoenda kulalamika, walituuliza dispensaire iliandikwa wapi. Haikuandikwa popote.

Tangu siku ile, ku kila mazungumzo ya convention collective tunaanza na matunzo ya wagonjwa mbele ya kusema neno la prime. Wengine wanatucheka, wanaona prime ndiyo franga ya kweli. Basi wakumbuke Tharia Topan. Alikuwa mtu wa karatasi: kila kitambaa alikiandika, kila frasila aliiandika, na miaka 12 alimungojea Tippu Tip juu karatasi ilikuwa pale. Wapagazi peke yao ndio hakuna karatasi ya Tharia yenye iliwaahidi kitu kama wanagonjwa. Sisi, batoto wa wapagazi, kazi yetu ni kuandikwa.